Kuku wetu, yangeyange na tenga la majogoo sita

Katika daftari la kamati ya msikiti wetu, kwenye ukurasa wa mwezi wa Shaaban wa mwaka juzi, upo mstari mmoja wa kalamu ya buluu unaosema kwamba majogoo sita, zawadi ya mhisani, wamepokelewa baada ya sala ya Magharibi na kuingizwa bandani. Mwandiko ni wa katibu, yaani ni wetu sisi tunaoandika makala haya. Siku ya tisa baada ya mstari huo kuku wetu walianza kufa, na kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama tulikwisha kuzika kuku 118 kati ya 140.

Nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu wa familia zina kuku watano au kumi uani, na zinajua uchungu wa kuamka alfajiri na kukuta banda kimya. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kama lilivyotokea, pamoja na sehemu yetu ndani yake.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Nyuma ya madrasa, katika mtaa wetu ulio kando ya Ziwa Viktoria hapa Mwanza, kamati ilijenga banda la matofali na mabati, ikaanza na kuku wa kienyeji thelathini. Mayai yakainunulia madrasa chaki na misahafu. Majogoo waliuzwa kila Idi inapokaribia, na fedha zao zikawashonea nguo watoto yatima wa mtaa. Mwaka huo watoto walikuwa kumi na tisa, na fundi cherehani alikwisha kuwapima wote.

Nyuma ya banda umesimama mkuyu mkubwa. Jioni yangeyange hurejea kutoka malishoni na pwani ya ziwa, wakaujaza mti mpaka ukaonekana umechanua pamba. Kinyesi chao huanguka juu ya mabati na uani, na akina mama wanaofagia madrasa wamelalamika juu ya jambo hilo tangu hatujazaliwa. Kwa hiyo kuku watatu walipokufa siku ya kwanza, na siku ya tatu kumi na saba kwa usiku mmoja, hakuna aliyehitaji kufikiri sana. Mzee mmoja wa kamati alitoka bandani, akatazama juu, akatuuliza: "Katibu, huu mti una kazi gani hapa?"

Jioni ile ile kikao kiliitishwa. Hoja ilikuwa moja: mkuyu ukatwe, na yangeyange wafukuzwe kwa moshi.

Tusiwalaumu waliosema hivyo. Watu wa ukanda wa ziwa wanayo kumbukumbu. Mwezi Januari 2017 habari ilitoka upande wa pili wa maji, Uganda, kwamba ndege wa porini wamekutwa wamekufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na kwamba huko Masaka kuku na mabata wa kufugwa nao wanakufa. Vipimo vikaonyesha ni mafua makali ya ndege, aina inayoitwa H5N8. Kenya ikafunga mpaka wake kwa kuku na mayai ya Uganda. Mwaka huo huo ugonjwa ukathibitishwa mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, kwenye mwambao wa Ziwa Albert. Hapa kwetu bei ya kuku ilianguka kwa uvumi tu, na wapo waliokataa kula hata mayai.

Ndege waliokufa Lutembe walikuwa wageni. Ni jamaa wadogo wa shakwe, wenye mabawa meupe, ambao huzaliana mashariki mwa Ulaya na katika Asia hadi Siberia. Baridi ya huko inapoanza hushuka Afrika, na ghuba ile ya Lutembe, ambayo imewekwa chini ya hifadhi ya kimataifa ya ardhioevu, huwapokea kwa malaki. Njia yao ni ileile inayofuatwa na korongo weupe, na mabata wa porini wa aina nyingi, na wale ndege wadogo wenye miguu mirefu wanaokimbia kwenye matope ya delta ya Rufiji na fukwe za Unguja maji yanapokupwa. Wanakuja kati ya Septemba na Novemba, wanaondoka Machi na Aprili. Mvuvi yeyote wa ziwa hili anawajua, hata kama hajui wametoka wapi.

Sasa, ndege hawa wanabeba nini? Virusi vya mafua vina makazi yao ya asili ndani ya ndege wa majini, hasa mabata wa porini, mabata bukini, shakwe na jamaa zao. Humo virusi vingi hukaa matumboni bila kumdhuru sana mwenyeji. Hutoka kwa kinyesi, huingia majini, na bata mwingine akinywa maji yale anavichukua. Katika maji baridi virusi hivyo huweza kudumu kwa wiki kadhaa. Jua kali na ukavu huviua upesi zaidi. Hali imekwenda hivyo kwa muda mrefu usiojulikana mwanzo wake, na haikuwa habari ya kutangazwa redioni.

Taabu huanza pale virusi vya makundi mawili, H5 na H7, vinapoingia katika banda la kuku. Kuku wengi wako pamoja, wanapumuliana, wanakanyaga kinyesi cha wenzao, na virusi vinapopita kutoka kwa mmoja hadi mwingine maelfu ya mara hupata mabadiliko ambayo huvigeuza kuwa vikali. Vilivyokuwa vinakaa tumboni tu sasa vinashambulia mapafu, moyo na ubongo. Banda zima laweza kufa kwa saa 48. Kisha virusi hivyo vilivyonolewa bandani hurudi kwa ndege wa porini, na safari hii huwaua na wao.

Jambo hili la mwisho ndilo ambalo wengi wetu hatukulijua tulipokuwa tunautazama mkuyu kwa hasira. Aina ya H5N1 inayoitesa dunia hivi leo ilitambuliwa kwanza mwaka 1996 katika bata bukini wa kufugwa, mkoani Guangdong, China. Mwaka 1997 ikazuka katika masoko ya kuku ya Hong Kong. Watu 18 wakaugua, sita wakafariki, na serikali ya huko ikachinja kuku wote zaidi ya milioni moja kwa siku chache. Mwaka 2005 ikawaua maelfu ya ndege wa porini katika ziwa la Qinghai, na baada ya hapo ikaanza kusafiri na ndege kuelekea magharibi. Februari 2006 ilikwishafika Nigeria na Misri. Mwezi Januari 2021 wari 750 walikufa katika hifadhi ya Djoudj nchini Senegal. Mwisho wa mwaka huo, katika bonde la Hula kaskazini mwa Israeli, makorongo zaidi ya 5,000 walikufa. Kwa hiyo ukiuliza nani kamletea nani maradhi, jibu linategemea umeanza kuhesabu wapi.

Mkasa wa msikiti wetu

Asubuhi ya siku ya nne bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki. Alivaa glavu, akafunga barakoa, akawataka watoto wote waondoke uani. Aliwatazama kuku waliokuwa bado hai: mabawa yameshuka, midomo wazi wanatafuta pumzi, wengine shingo zimepinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni, na kinyesi cha kijani kimelowesha manyoya. Akapasua wawili waliokufa usiku. Katika sehemu ya tumbo inayotangulia firigisi alituonyesha vitone vyekundu vya damu.

"Hii inafanana sana na mdondo," alisema. "Lakini mafua ya ndege nayo huweza kuonekana hivi hivi kwa macho. Kwa hiyo nitachukua sampuli, na mpaka majibu yarudi msiuze, msile, msigawe."

Majibu ya maabara yalirudi: mdondo. Wengine huuita kideri. Ndio ugonjwa ambao wataalamu wameupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, kwa sababu ulielezwa huko mwaka 1926, ingawa mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Unatokana na virusi vya ukoo mwingine kabisa, si vya mafua. Hauna dawa. Katika kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza banda zima. Kwa binadamu ni mwepisi, aghalabu macho mekundu kwa siku chache kwa aliyewashika kuku wagonjwa, na katika hilo tunamshukuru Allah (s.w.), kwa sababu mafua ya ndege si hivyo: tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Misri peke yake imepoteza watu 120, wengi wao akina mama na watoto, kwa kuwa ndio wanaolisha kuku uani na juu ya mapaa ya nyumba, na ndio wanaowachinja na kuwanyonyoa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kuku waliokufa kwa ghafla wasiguswe kwa mikono mitupu, hata kama mwenye kuku ana yakini kuwa ni mdondo tu wa kila mwaka.

Je, mdondo nao huletwa na ndege wa porini? Huweza. Virusi vya ukoo huo vimepatikana katika mabata wa porini, kwa kawaida vile visivyo vikali. Na katika minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, vimepatikana vikali. Njiwa wana aina yao mahsusi, ambayo ilitokea Mashariki ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaenea dunia nzima. Njiwa aliyepatwa nayo huonekana akizunguka mahali pamoja, shingo imepinda. Hapa tulitazamana, kwa sababu njiwa wa msikiti wetu hula pamoja na kuku. Mtoto akimwaga pumba au mtama uani, wa kwanza kushuka ni njiwa.

Bwana mifugo akaendelea kuuliza. Tulimwonyesha mti. Aliutazama, akasema yangeyange wamelala hapo miaka mingapi? Tukamwambia zaidi ya thelathini. Na banda lina miaka mingapi? Saba. "Basi kwa miaka saba wamelala juu ya kuku wenu. Siku kumi hizi kuna kitu gani kipya?"

Tukaenda kuleta daftari.

Kwa kweli hatukuhitaji kulifungua, tulikwishakumbuka tenga. Majogoo wale sita walinunuliwa na mhisani mnadani, wakakaa ndani ya tenga pamoja na kuku wa watu wengine juu ya gari la abiria, wakatufikia jioni. Mmoja alikuwa amejikunja, hataki kula. Tulisema amechoka na safari. Adhana ya Isha ilikuwa inakaribia, hapakuwa na banda la pili, tukafungua mlango wa lile lililopo tukawaingiza. Na kuku wetu walikuwa hawajachanjwa tangu Rabiul Awwal, kwa kuwa chanjo ilipokwisha tulisema tutanunua mwezi ujao, na mwezi ujao tukasema hivyo hivyo.

Tunalisema hili wazi kwa sababu mtu mwenye mti wa yangeyange anaona raha kuwa na mti wa yangeyange. Ndege wa porini ni mshitakiwa asiyejibu. Wachunguzi wanaofuatilia milipuko ya maradhi haya wanakuta njia zote mbili: ndege huvusha virusi kutoka bara hadi bara, kisha watu huvieneza kutoka kijiji hadi kijiji kwa matenga, magari, viatu, trei za mayai na kuku wa zawadi. Ndege mhamaji huruka usiku mmoja akaenda zake. Tenga huzunguka minada yote ya wilaya kila wiki, wala halioshwi.

Kuku kumi na mmoja

Lipo jambo zito zaidi, na tungependa kulipita lakini haitakuwa haki.

Siku ya pili ya vifo, kabla bwana mifugo hajaitwa, baadhi yetu tulishauriana kwamba kuku walioonekana wazima wauzwe haraka, kabla hawajafa mikononi mwetu. Hoja ilionekana ina busara: mali ya yatima isipotee. Kuku kumi na mmoja wakauzwa asubuhi ile kwa bei ya chini. Saba walikwenda kwa mama lishe wa stendi, wakachinjwa siku hiyo hiyo. Wawili walinunuliwa na mpita njia ambaye hatukumjua. Wawili, mitetea mizuri, walinunuliwa na mama mjane, jirani yetu, ambaye wanawe husoma madrasa. Yeye hakuwachinja. Aliwachanganya na kuku wake afuge.

Ndani ya siku nane kuku wake 23 wote walikufa.

Wakati ule watu walituuliza kama kuku aliyewahiwa kisu kabla hajafa si halali. Kisu kikiwahi na uhai umo, hukumu ya uchinjaji inajulikana, na aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, haliwi wala hauzwi. Lakini kumpeleka sokoni mnyama mwenye maradhi na kumnyamazia mnunuzi ni mlango mwingine kabisa, na jina lake ni ghushi. Sisi tulisoma chuoni mapokezi ya Abu Huraira (r.a.) yaliyomo katika Sahihi mbili, kuhusu bedui aliyeeleza kwamba ngamia wake wazima wamechanganyika na mmoja mwenye upele wakaugua wote, naye Mtume (s.a.w.) akamrudishia swali: na yule wa kwanza, aliambukizwa na nani? Wengi wetu huishia hapo, tukasema basi hakuna kuambukizana, mambo yote ni kadari. Tunasahau kwamba sahaba huyo huyo amepokea pia katazo la mwenye mifugo wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye mifugo wazima. Walimu wetu walitufundisha kuyasoma yote mawili pamoja: maradhi hayana nguvu yao wenyewe mbele ya amri ya Mola, na mja ameamrishwa ajikinge na asiwadhuru wenzake. Tuliyajibu maswali hayo kwenye karatasi ya mtihani na tukapata alama nzuri. Na siku ya pili ya Shaaban yetu ile tulihesabu fedha za kuku kumi na mmoja tukaziandika daftarini.

Tulikwenda kwa yule mama baada ya Alasiri, imamu, mweka hazina na sisi. Tukabisha hodi, tukakaribishwa, tukapewa kiti na maji. Tukamwambia: "Mama, wale mitetea wawili walitoka kwetu, na sisi tulikwishaona wenzao wanakufa. Hatukukwambia. Tunakuomba utusamehe, na kamati itakulipa kuku wako wote."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Wanangu, si walisema ni wale ndege?"

Fedha za kumlipa hazikuwepo. Mchango ulipitishwa baada ya sala ya Ijumaa, na imamu alitaja sababu yake mimbarini bila kuizungusha, jambo ambalo halikuwafurahisha wajumbe wote wa kamati. Mama lishe tulimtafuta tukamrudishia fedha zake. Mpita njia yule hatukumpata mpaka leo. Watoto kumi na tisa walivaa nguo zao siku ya Idi kwa kuwa fundi alikubali kukopesha, na deni lake lilimalizika Muharram.

Mti, wavu na tone moja

Kura ya mkuyu ilipigwa katika kikao kilichofuata. Wanne walitaka ukatwe, watano wakataka ubaki. Bwana mifugo alikuwa ametuonya kwamba kuwaua au kuwatawanya ndege wa porini hakuondoi maradhi. Huwahamishia kwenye miti mingine, juu ya mabanda ya watu wengine, na kama kuna mgonjwa kati yao naye huenda huko. Kilichokatwa ni tawi moja lililokuwa limelalia paa la banda. Mzee wetu aliyeuliza mti una kazi gani alipiga kura ukatwe, na hata sasa hajabadili mawazo. Anasema kinyesi ni kinyesi. Katika hilo ana haki yake, na ndiyo maana uwanja umebadilika.

Kuku wetu sasa hawali tena chini ya mkuyu. Uzio wa wavu umezunguka ua wao na wavu mwembamba umefunika juu, njiwa na shomoro wasipite. Chakula na maji viko ndani chini ya paa. Maji ya kuwanywesha ni ya bomba, hatuchoti tena ziwani, maana bata wa porini akiogelea pale ametuchangia beseni. Dagaa wa kulishia kuku tulikuwa tunawanunua walioanikwa mchangani pwani, ambako ndege wa kila aina hutembea juu yao. Sasa tunachukua walioanikwa kwenye vichanja, na tunawaanika tena wenyewe. Mabata watatu wa mweka hazina waliokuwa wakija kunywa na kuku wamepigwa marufuku, kwani bata anaweza kubeba virusi vya mafua akaonekana mzima huku kuku walio karibu naye wanakufa. Mweka hazina alilipokea hilo kwa shingo upande.

Mlangoni pana jozi moja ya viatu vya mpira ambavyo havitoki nje ya banda. Anayeingia huvua vyake. Hili limekuwa jepesi kuliko tulivyodhani. Watu wa msikitini wamezoea kuvua viatu mlangoni.

Kuku mgeni, awe wa kununua au wa zawadi, hukaa peke yake siku kumi na nne katika kibanda kidogo upande wa pili wa ua, na anayehudumia huanza na wenyeji ndipo aende kwa wageni. Tenga lake halipiti lango. Mhisani wetu alipoelezwa alihuzunika sana, akadhani tunamlaumu. Tulimwambia kwamba yeye alitoa sadaka na malipo yake yako kwa Mola wake. Aliyefungua mlango wa banda ni sisi.

Akifa kuku, hachunwi wala hatupwi ziwani au jalalani ambako kunguru na korongo marabu watamgawana. Huzikwa katika shimo refu na kumwagiwa chokaa. Wakifa watatu kwa siku moja, bwana mifugo hupigiwa simu kabla ya mtu mwingine yeyote. Tuliogopa mwanzoni kwamba kutoa taarifa kutatuletea hasara zaidi, na hofu hiyo bado ipo mitaani. Kuna watu wanaofukia kuku usiku ili majirani wasijue. Lakini katika mkoa wenye ziwa linalopakana na nchi tatu, vifo vinavyofichwa kwa kudhani ni mdondo vyaweza siku moja kuwa ni yale ya Masaka.

Na ipo chanjo. Kwa mafua ya ndege mfugaji wa uani hana tone la kununua dukani; kinga yake ni wavu, maji safi na taarifa. Kwa mdondo lipo. Chanjo inayoitwa I-2 ilitokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliotafuta chanjo itakayofaa vijiji visivyo na umeme. Huvumilia joto kwa muda, na hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, vifaranga kwa majogoo. Hutiwa kuku mzima tu. Aliyekwisha kuugua hatapona kwa tone, na mwenye kumkimbilia na kichupa siku ya vifo huwa anabeba maradhi kwa mikono yake kutoka kuku hadi kuku.

Ugumu wake kwa mwenye kuku watano ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku mia kadhaa, na kikishafunguliwa hakikai. Hakuna atakayenunua kichupa kizima kwa ajili ya kuku watano. Kwa hiyo tumeweka utaratibu: Jumamosi ya kwanza ya Muharram, Rabiul Akhir, Rajab na Shawwal, baada ya sala ya Alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Vijana sita waliofundishwa na bwana mifugo hupita nyumba kwa nyumba, awe mwenye nyumba Muislamu au si Muislamu, kila mtu na mchango wake mdogo kwa kila kuku. Kuku hubaki kwao. Vijana ndio wanaokwenda, na hunawa na kubadili viatu kila mlango. Asiye na fedha hutiliwa, na mfuko wa banda hulipia.

Safari iliyopita tulianza na nyumba ya yule mama. Ana kuku thelathini na wawili sasa. Yeye mwenyewe huwashika, huwageuza kichwa upande, na kijana akikosea tone likaanguka manyoyoni humrudisha: "Hilo halikuingia, mwanangu. Tia jingine." Juu ya paa lake kulikuwa na yangeyange wawili, na hakuna aliyewatazama.